Takwimu za Kila Siku Zinavyosaidia Kuendesha Mabomba ya Maji ya Malipo ya Kabla Vijijini

Bomba la maji la malipo ya kabla, ambalo wananchi wengi hulifananisha na LUKU ya umeme, kimsingi ni mashine ya kuuza bidhaa bila muuzaji. Mteja huweka fedha kwenye tagi yake kwa njia ya simu au kwa wakala, huigusisha tagi hiyo kwenye kisomeo, vali hufunguka, maji hutoka, na salio hupungua kwa kadiri ya lita zilizochotwa. Wazo lenyewe ni la kale. Mashine ya kuuza iliyoelezwa na Hero wa Alexandria, nchini Misri, katika karne ya kwanza, nayo iliuza maji: sarafu ilipodondoshwa iliangukia kwenye mkono wa mizani, mkono ukainua kizibo, na maji kidogo ya hekaluni yakamtoka mnunuzi mbele yake. Tofauti kubwa kati ya mashine hiyo na ya leo ni kwamba ya leo hukumbuka kila ilichouza.

Kumbukumbu hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Kila mteja anapochota, mashine huandika saa, namba ya tagi, kiasi cha lita na fedha iliyokatwa. Sambamba na mauzo, huandika pia hali yake yenyewe: nguvu ya betri, kasi ya maji, kama vali imefunga sawasawa, na mara ya mwisho ilipowasiliana na seva kupitia mtandao wa simu. Mtandao ukikatika, taarifa huhifadhiwa ndani ya mashine na kutumwa unaporejea. Chombo cha watoa huduma chenye mabomba ishirini ya namna hiyo hupokea kwa siku moja taarifa nyingi kuliko zile ambazo kamati ya maji ya zamani ilizikusanya kwa mwaka mzima kwa daftari na kalamu. Lakini wingi wa taarifa haujazi ndoo. Takwimu za mauzo zina manufaa pale tu zinaposomwa pamoja na takwimu za hali ya mashine, na anayezisoma awe na uwezo wa kumtuma fundi siku hiyo hiyo.

Mazingira ya Kilolo

Wilaya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Iringa mwaka 2002, ni mfano mzuri wa kulitazama jambo hili kwa sababu ndani ya wilaya moja kuna hali mbili za nchi. Upande wa juu, kuelekea safu za milima ya Udzungwa, kuna baridi, ukungu na mvua nyingi, na chemchemi hazipo mbali na makazi. Upande wa chini, baada ya kuteremka mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, kuna joto na ukame, mibuyu imetawala na maji ya karibu ni ya mtoni. Katikati kuna Ilula, mji mdogo uliokua kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, unaojulikana kwa nyanya na vitunguu.

Huduma ya maji vijijini husimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 na kuanza kazi Julai 1 mwaka huo. Uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa Vyombo vya Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, vinavyofahamika zaidi kwa kifupi cha CBWSO. Miji midogo ya Kilolo na Ilula huhudumiwa na Mamlaka ya Maji ya Iringa (IRUWASA), ambayo ni miongoni mwa mamlaka zilizofunga dira za malipo ya kabla kwa wateja wake.

Mvua katika ukanda huu huanza kwa kawaida Novemba na kuishia Aprili au Mei. Katika miezi hiyo kaya nyingi hukinga maji ya paa, na mauzo ya bomba lolote la kulipia hushuka. Kiangazi kinapofika, wakulima huteremka mabondeni kulima vinyungu, na baadhi yao huchota maji ya nyumbani huko huko wanakoshinda. Mauzo ya nyanya yanapokuwa mazuri, watu huongeza salio kubwa kwa mara moja. Katika miezi ya Januari na Februari, chakula kikiwa haba, salio huongezwa kidogo kidogo. Mtu aliye ofisini mbali na wilaya, asiyeyajua haya, anaweza kuona mauzo ya Januari yakiwa nusu ya yale ya Oktoba akadhani mradi unakufa. Ndiyo maana ulinganifu unaofaa ni wa kituo na kituo hicho hicho, Januari hii na Januari iliyopita. Kulinganisha kituo cha juu milimani na kituo cha Ruaha Mbuyuni hakumsaidii yeyote, isipokuwa labda mwandaaji wa ripoti.

Sifuri yenye maana nyingi

Taarifa ngumu kuliko zote kuisoma ni ile inayoonekana rahisi: kituo ambacho leo hakikuuza hata lita moja. Sifuri hiyo yaweza kumaanisha kwamba vali imekwama. Yaweza kumaanisha kwamba vali ni nzima ila tenki ni kavu. Yaweza kuwa mashine imeuza siku nzima lakini mtandao wa simu umekatika, na mauzo yatafika kesho yote kwa pamoja. Yaweza kuwa wakala wa pekee wa kuongeza salio amesafiri kwenda gulioni, na wateja wana fedha mkononi lakini tagi zao ni tupu. Na yaweza kuwa mvua imenyesha usiku kucha na kila nyumba ina pipa lililojaa.

Hali hizo tano hazina tiba moja. Ya kwanza inahitaji fundi mwenye vali ya akiba, ya pili inahitaji mtu wa kupanda hadi kwenye chanzo, ya tatu inahitaji subira, ya nne inahitaji wakala wa pili, na ya tano haihitaji chochote. Anayetazama safu ya mauzo peke yake hawezi kuzitenganisha. Akiweka pembeni yake safu ya hali ya mashine, nyingi hujitenga zenyewe. Mashine isiyowasiliana kabisa tangu jana ina tatizo la mtandao au la umeme. Mashine inayowasiliana, yenye betri nzuri, iliyofungua vali mara kumi bila lita kupita, iko kwenye bomba kavu. Mashine inayowasiliana, ambayo tagi zimeguswa na kukataliwa mfululizo kwa kukosa salio, inaonyesha watu waliokuja na kuondoka na ndoo tupu.

Hao wa mwisho ndio wa kuhangaikiwa zaidi, kwa sababu hawaonekani katika mauzo. Mtu aliyekataliwa na mashine haachi kunywa maji. Huenda kwa jirani, na akimkosa hushuka bondeni kwenye maji yasiyotibiwa. Mfumo unaohesabu mafanikio pekee humwona mtu huyo kama mteja aliyeamua kutonunua. Kwa sababu hiyo, chombo cha watoa huduma kinaponunua mashine hizi kinapaswa kuhakikisha kwamba jaribio lililokataliwa nalo linahifadhiwa na kutumwa. Ni jambo dogo la kuuliza kabla ya kusaini mkataba, na ni gumu kulirekebisha baadaye.

Muda wa kujaza ndoo moja

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha huduma ya msingi vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, kila kituo kikihudumia watu 250. Kipimo hiki kinarahisisha hesabu. Watu 250 wakipata lita 25 kila mmoja, kituo kinatakiwa kutoa lita 6,250 kwa siku, sawa na ndoo 312 za lita 20 na nusu ndoo juu yake.

Bomba linalojaza ndoo kwa dakika mbili litazitoa ndoo 312 kwa saa kumi na dakika ishirini na nne, bila kuhesabu muda wa kutoa ndoo moja na kutega nyingine. Likianza kujaza kwa dakika nne, kazi hiyo hiyo itahitaji saa zipatazo ishirini na moja, na hakuna kijiji kinachochota maji saa ishirini na moja. Katika miradi ya mserereko, ambayo ni ya kawaida katika nchi ya milima, chanzo huziba kwa majani na matope baada ya mvua kubwa, mchanga huingia kwenye kichujio cha dira, na kasi hupungua taratibu. Wananchi huligundua hilo kwa foleni. Mashine huligundua mapema zaidi, kwa kuwa inajua ndoo ya leo imechukua sekunde ngapi na ya wiki iliyopita ilichukua ngapi. Fundi akiitwa wakati ndoo inajazwa kwa dakika mbili na nusu, husafisha kichujio na kurudi nyumbani mchana. Akiitwa baada ya bomba kukauka, huenda kazi ikawa ya siku kadhaa.

Foleni nayo husomeka ingawa hakuna kamera. Ikiwa kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi kila mauzo yanafuatwa na mengine baada ya sekunde chache tu, ni dhahiri kwamba ndoo zimepangwa mstari. Ikiwa kati ya ndoo moja na nyingine hupita robo saa, kituo kimepooza. Chombo kinachotaka kuongeza kituo kipya kina mahali pazuri pa kuanzia kuliko ushawishi wa kitongoji chenye sauti kubwa mkutanoni: vituo ambavyo asubuhi zao hazina nafasi hata ya dakika moja.

Maji yaliyotoka tenkini na maji yaliyouzwa

Faida nyingine, ambayo haizungumzwi sana, ni kulinganisha kiasi kilichotoka tenkini na kiasi kilichouzwa. Tuseme dira ya tenki inaonyesha lita 40,000 zimetoka kwa siku, na mabomba yote kwa pamoja yameuza lita 31,000. Lita 9,000, yaani asilimia 22.5, hazijulikani zilipo. Kwa daftari, tofauti hiyo hufahamika mwisho wa mwezi na huishia kwenye mabishano kuhusu nani alichukua fedha. Kwa mashine, tofauti hufahamika kila siku, na mabishano hupungua kwa sababu hakuna mtu aliyeshika fedha taslimu.

Saa za usiku husema zaidi. Saa nane usiku hakuna anayechota. Ikiwa dira ya tenki inaendelea kuzunguka wakati mabomba yote yamefungwa, maji yanavuja kwenye bomba chini ya ardhi au mtu amejiunganishia. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa kompyuta. Inahitaji dira iliyofungwa kwenye tenki, nayo mara nyingi ndiyo inayosahaulika wakati fedha zote zinapoelekezwa kwenye mabomba yenye tagi.

Funzo la Kyuso

Uthibitisho wa wazi zaidi katika Afrika Mashariki kwamba takwimu za uendeshaji hubadilisha huduma haukutoka kwenye mabomba ya tagi, ulitoka kwenye pampu za mkono. Huko Kyuso, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo ndani ya mipini ya pampu 66. Kifaa kilihesabu mwendo wa mpini na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mpini ukikaa kimya isivyo kawaida, fundi alipewa taarifa. Kabla ya jaribio, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika jaribio, wastani ulishuka chini ya siku tatu, na watumiaji waliokuwa wakisita kuchangia wakawa tayari kulipa zaidi. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la matengenezo la FundiFix, linalofanya kazi Kitui na Kwale.

Ni muhimu kutazama ni kitu gani hasa kilichofupisha siku hizo 27. Kifaa kilitoa habari, lakini palikuwa pia na fundi aliyelipwa kwa kuitikia, pikipiki ya kumfikisha, na ghala la vipuri. Tanzania inalo somo lake kuhusu habari isiyo na mwitikio. Uorodheshaji wa vituo vya maji vijijini uliofanyika nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010 uliandika zaidi ya vituo 65,000 na kuonyesha kwamba karibu vinne kati ya kila kumi havikuwa vikitoa maji. Ilikuwa kazi kubwa na yenye thamani, ila ilikuwa picha ya siku moja. Kituo kilichoandikwa kizima kingeweza kufa wiki iliyofuata, na orodha isijue.

Mipaka ya mashine

Mabomba ya tagi yamepata umaarufu kwa sababu yamepunguza bei katika baadhi ya maeneo. Katika mtaa wa Mathare, Nairobi, mashine zilizozinduliwa mwaka 2015 ziliuza dumu la lita 20 kwa senti 50 za Kenya, chini kabisa ya bei ya wachuuzi. Hata hivyo, utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu maji ya malipo ya kabla katika miji minane ya Afrika ulionya kwamba teknolojia hii haiwezi kuchukua nafasi ya usimamizi mzuri. Mashine yenyewe huharibika. Betri huchoka, hasa milimani ambako ukungu hunyima paneli ya sola mwanga kwa siku kadhaa. Vipuri vya kielektroniki huagizwa mbali, na fundi wa bomba wa kijijini, aliyezoea spana na uzi wa kuzibia, hawezi kuvitengeneza. Chombo cha watoa huduma kisichotenga sehemu ya mapato kwa ajili ya betri na vali za akiba kitajikuta na bomba ambalo, tofauti na koki ya kawaida, haliwezi kufunguliwa kwa mkono.

Lipo pia swali la haki. Mashine haijui huruma: salio likiisha, vali hufunga. Nchini Afrika Kusini suala hili lilifika Mahakama ya Katiba katika kesi ya Mazibuko dhidi ya Jiji la Johannesburg. Mwaka 2009 mahakama ilikubali dira za malipo ya kabla katika eneo la Phiri, Soweto, ambako kila kaya ilipewa kwanza lita 6,000 kwa mwezi bila malipo. Katika kijiji, takwimu zinaweza kusaidia upande huu pia. Tagi iliyochota ndoo tatu kila siku kwa mwaka mzima, kisha ikanyamaza wiki mbili, ni ya mtu aliyehama, aliyepata chanzo kingine, au aliyekwama. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kujua ni lipi kati ya hayo kwa kupita nyumbani hapo tu, na kamati ikaamua kuhusu msamaha kwa mzee au mgonjwa kwa kufuata utaratibu wake.

Hapo hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Taarifa za tagi zinaonyesha nyumba fulani huamka saa ngapi, ina wageni lini na iko tupu lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa kusudi lililokusudiwa na kuzilinda. Jumla ya mauzo ya kituo inaweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo; orodha ya majina na ndoo zao haipaswi kubandikwa popote.

Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa takwimu hizo kusomwa kwa sauti. Wananchi wana haki ya kuelezwa lita zilizotoka tenkini, lita zilizouzwa, fedha iliyopatikana, siku ambazo kila kituo kilikaa bila kutoa maji, na muda uliopita tangu hitilafu kuonekana hadi fundi kufika. Mwananchi anayeripoti tatizo hurahisisha kazi akitaja namba iliyoandikwa kwenye bomba, saa alipojaribu kuchota, na kama taa ya kisomeo iliwaka au la. Kwa taarifa hizo tatu, aliye ofisini anaweza kutambua kabla ya kupanda pikipiki kama anahitaji kubeba betri, vali, au jembe la kuzibua chanzo.